Faili Lako katika Kompyuta ya Umma

Mada iliyotolewa mbele ya wakazi wa Kata ya Kasulo, Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera

Sisi ni watumishi wa mamlaka inayosimamia mawasiliano, nasi tumeombwa kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana dogo. Jambo lenyewe ni masharti anayokutana nayo mtu anapopakua faili katika kompyuta isiyo yake, iwe ya maktaba, ya shule, ya kafe ya intaneti au ya duka la steshenari. Tukisema kupakua, tunakusudia kulichukua faili lililoko mtandaoni na kulihifadhi katika mashine iliyo mbele yako.

Maktaba ya umma ya mkoa huu iko Bukoba, na kutoka hapa njia panda ya Benaco hadi Bukoba ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Si kila mwenye haja ataifunga safari hiyo. Kwa hiyo, kwa wakazi wengi wa Kasulo, kompyuta ya umma ni ile iliyoko dukani kando ya barabara, karibu na mashine ya fotokopi. Katika kiti kimoja mbele ya kompyuta hiyo huketi dereva wa lori anayetafuta nyaraka za mzigo kabla ya kuvuka Rusumo, kisha mwalimu anayepakua kitabu cha kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kisha mhitimu wa kidato cha sita anayeomba mkopo wa elimu ya juu. Hawajuani, lakini kila mmoja ameacha kitu ndani ya mashine hiyo hiyo.

Tutaanza na maktaba, maana huko ndiko masharti ya namna hii yalikofikiriwa kwa makini, ndipo turudi dukani.

Huduma za maktaba za umma nchini zinasimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania chini ya sheria ya mwaka 1975. Maktaba Kuu ya Taifa, jijini Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Wakati huo desturi ya maktaba ilikuwa moja na iliyoeleweka kwa kila mtu: unapewa kadi, unaazima kitabu, unapewa tarehe, unakirudisha. Kitabu kikiwa mikononi mwako hakipo rafuni, na kikirudi rafuni hakipo tena mikononi mwako. Faili halina tabia hiyo. Ukilipakua katika kompyuta ya maktaba kisha ukalinakili katika flashi yako, utaondoka nalo na papo hapo litabaki ulikolitoa. Masharti karibu yote ya maktaba kuhusu kupakua yametokana na jambo hilo.

Ndiyo maana utakuta maktaba moja inakuruhusu kupakua lakini inakutaka uhifadhi moja kwa moja katika flashi, na kwenye mashine hairuhusu lolote. Nyingine imeweka programu inayoirudisha kompyuta katika hali yake ya asubuhi kila inapozimwa na kuwashwa, na kila ulichokihifadhi ndani yake hutoweka. Watumiaji wengi hulalamikia mpango huu wa pili, kwa sababu mtu hufanya kazi saa nzima, umeme ukakatika, naye asikute chochote umeme unaporudi. Malalamiko hayo tunayaelewa. Hata hivyo, mpango huo humlinda mtumiaji kuliko mingine yote, maana hata yule aliyesahau kufuta hufutiwa. Anachodai mtumiaji kwa haki ni kuambiwa mapema. Tangazo la mistari miwili lililobandikwa juu ya kompyuta, kwamba kazi ihifadhiwe katika flashi kila baada ya dakika chache kwa sababu mashine haitunzi kitu, linatosha kuondoa ugomvi.

Yapo pia maeneo yanayokataza flashi kabisa. Sababu yake ni virusi vya kompyuta, na hapa hatuna budi kukiri kwamba hofu hiyo ina msingi. Wengi wenu mmewahi kufungua flashi mkakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, na kila mkibonyeza hakifunguki mlichokitarajia. Flashi hiyo imeambukizwa katika mashine moja na sasa inakwenda kuambukiza nyingine. (Mara nyingi mafaili halisi hayajapotea, yamefichwa tu. Asitokee mtu akawaambia dawa pekee ni kuifomati flashi. Kwanza aulizwe mjuzi anayeweza kuyafichua.) Mahali panapokataza flashi, mtumiaji huelekezwa ajitumie faili kwa barua pepe. Ni sawa, mradi mtumiaji awe na barua pepe yake mwenyewe, jambo tutakalolirudia.

Vilevile ni kawaida kukataza kupakua programu. Faili la maandishi au la picha hulala lilipowekwa. Programu hufanya kazi, na miongoni mwa kazi zake yaweza kuwamo kunasa kila herufi inayobonyezwa na atakayeketi baada yako, pamoja na nywila zake. Mtu anayeomba aruhusiwe kusakinisha programu katika kompyuta ya umma, hata kama nia yake ni njema, anawaombea wenzake wote wamwamini. Mwenye kompyuta ana haki ya kukataa na hapaswi kunung'unikiwa.

Kuna sharti moja tu tusilokubaliana nalo, nalo ni katazo la jumla: hapa hakuna kupakua. Mwenye simu nzuri na kifurushi hatadhurika na katazo hilo, kwa kuwa atapakua kwa simu yake. Atakayedhurika ni yule aliyekuja kwa sababu hana pengine pa kwenda. Fomu nyingi za huduma za umma leo hazipatikani mezani kwa ofisa, ziko mtandaoni, na ili mtu aijaze lazima kwanza aichukue. Kompyuta ya umma isiyoruhusu kuchukua fomu ni kisima chenye maji ambacho hakuna ndoo. Ukitazama kwa makini, madhara tunayoyaogopa hayatokani na kupakua. Yanatokana na kuacha. Sharti jema ni lile linaloruhusu la kwanza na kuzuia la pili.

Tuonyeshe ukubwa wa hatari hiyo. Tuseme binti aliyehitimu kidato cha sita anaomba mkopo katika mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Anajaza maombi, anapakua fomu, anaichapa, anaipeleka kwa mdhamini na kwa viongozi wanaohusika ili isainiwe, kisha anarudi dukani iskaniwe na kupandishwa tena katika mfumo. Siku hiyo ya pili, ndani ya kompyuta ya duka vimekwishaingia cheti chake cha kuzaliwa, picha yake, saini yake, jina la mdhamini, namba ya kitambulisho cha mdhamini na saini yake pia. Kazi ikiisha analipa, anaaga, anakwenda kupanda basi la Kahama. Yote hayo yamebaki katika folda iitwayo Downloads, na anayefuata kuketi akitafuta faili lake ndipo atakapopafungua.

Hapa Ngara, wilaya iliyopakana na Rwanda na Burundi, hatuhitaji kuwaeleza thamani ya namba ya kitambulisho cha Taifa. Mnajua uhakiki unaofanyika kwa wakazi wa mpakani kabla namba hiyo haijatoka; mtu huulizwa habari za baba yake na za babu yake. Karatasi iliyopatikana kwa taabu hiyo haistahili kuachwa kwenye mashine ya mtu usiyemjua, ikifunguliwa na yeyote mwenye fedha ya kulipia dakika chache.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na pia anayeingia katika mfumo asioruhusiwa. Ukikuta barua pepe ya mwenzako imeachwa wazi, kuachwa huko si ruhusa ya kusoma. Ifunge, uendelee na shughuli yako. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka msingi kwamba anayekusanya taarifa za mtu asizitunze kwa muda unaozidi haja iliyomfanya azikusanye. Mwenye duka aliyeskani cheti chako ili akupandishie katika mfumo, haja yake imekwisha mara faili lilipopokelewa.

Wenye maduka wanaweza kutujibu kwamba ninyi wenyewe mmetuambia tutunze kumbukumbu. Jibu hilo tumelisikia, na linachanganya mambo mawili. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye kafe ya intaneti awe na daftari la watumiaji, aweke kamera, abandike sera ya matumizi salama mahali panapoonekana, na atunze daftari na picha za kamera kwa miezi 12. Kanuni hizo zimeandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa baada ya hapo. Kilichotakiwa kutunzwa ni kumbukumbu ya nani alikuja na lini. Hakuna mahali alipoambiwa atunze cheti cha kuzaliwa cha mteja, wala fomu yake ya mkopo, wala barua yake ya hospitali. Daftari ni la mwenye kafe. Faili ni la mteja.

Suala la nani atunze nini halijazuka Tanzania pekee. Mwaka 2005 viongozi wanne wa ushirika wa maktaba katika jimbo la Connecticut, Marekani, walikwenda mahakamani kupinga amri ya siri iliyowataka watoe kumbukumbu za matumizi ya kompyuta ya maktaba, na mwaka uliofuata serikali iliachana na dai hilo. Maktaba nyingi za huko hufuta kumbukumbu za kompyuta mara mtumiaji anapoondoka. Nchi yetu imechukua njia yake katika suala la daftari, kwa sababu zake za usalama, na hatusemi hapa ipi ni bora. Lakini kuhusu mafaili ya mteja, njia zote mbili zinakutana mahali pamoja: yasibaki.

Sasa hakimiliki, ambayo tutaipitia kwa ufupi. Mtu huuliza, je, nikipakua kitabu au muziki katika kompyuta ya maktaba, kosa ni langu au la maktaba? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kitabu kilichowekwa mtandaoni bure na mwenye haki, kama vile vya Taasisi ya Elimu, pakua bila wasiwasi. Mitihani iliyopita na matokeo yaliyotangazwa na Baraza la Mitihani, pakua. Filamu mpya na nyimbo zinazojazwa katika flashi kwa bei ya kila wimbo ni jambo jingine. Hapo anayejaza anafanya biashara ya mali ya mtu, na tangazo la ukutani lisemalo "mteja atawajibika mwenyewe" halimwondolei lolote.

Turudi dukani, kwa sababu huko ndiko kwenye mazoea mawili yanayotutia wasiwasi kuliko virusi vyote.

La kwanza ni barua pepe ya kutengenezewa. Mteja anakuja kuomba ajira katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, hana barua pepe. Mhudumu, kwa moyo mwema na kwa haraka, anamfungulia, anaweka namba yake yeye mhudumu, anabuni nywila na kuiandika pembeni ya karatasi. Miezi mitatu baadaye mteja anaitwa usaili, na wito umeingia katika barua pepe ambayo hawezi kuifungua. Nywila imepotea, na njia pekee ya kupata nyingine ni ujumbe utakaotumwa katika simu ya mhudumu, aliyekwisha kuhamia Biharamulo. Ndugu zetu, namba ya kurejeshea nywila iwe yako, na nywila uibonyeze wewe mwenyewe. Asiyejua kuandika kwa kompyuta amchukue mtoto wake au mtu anayemwamini, wala asione haya. Mhudumu naye ageuze uso pembeni, kama anavyofanya wakala wa fedha mteja anapoweka namba ya siri.

La pili ni WhatsApp. Siku hizi mtu haji na flashi. Anauliza namba ya duka, anatuma cheti, kinachapwa, analipa. Ni rahisi, nasi hatutegemei kwamba watu wataacha. Lakini faili hilo sasa liko katika simu ya duka, na kwa kuwa simu hiyo imeunganishwa na kompyuta, kila anayekaribia kioo anaona orodha ya vyeti vya watu na majina yao. Picha zilizochapwa mwezi uliopita bado zipo. Ukishachapiwa, futa ujumbe huo kwa wote ukiwa bado hapo dukani, maana ukichelewa sana njia hiyo hufungwa. Kisha mwombe mhudumu akuonyeshe kwamba nakala iliyoshuka katika kompyuta imefutwa pia, kwa sababu kufuta ujumbe hakulifuti faili lililokwisha kuhifadhiwa. Si kumdharau. Duka la dawa hukuonyesha tarehe ya dawa kabla hujalipa, na hakuna anayeona ni matusi.

Kuhusu kompyuta yenyewe, kabla hujainuka fungua folda ya Downloads, chagua mafaili yako, shikilia kitufe cha Shift kisha bonyeza Delete. Ukibonyeza Delete peke yake, faili huhamia katika pipa la taka la kompyuta na huko hukaa likisubiri mtu wa kulirudisha. Halafu ondoka katika akaunti zako kwa kubonyeza palipoandikwa kutoka. Kufunga dirisha hakutoshi. Wapo wanaotumia dirisha la faragha la kivinjari wakidhani limewasafishia kila kitu. Dirisha hilo husahau kurasa ulizotembelea, lakini faili ulilolipakua hulibakiza palepale. Ukikumbuka umeacha akaunti wazi ukiwa tayari umefika nyumbani, ifungue kwa simu yako, tafuta orodha ya vifaa vilivyoingia, ukiondoe kile cha duka, kisha badili nywila.

Lipo na suala la malipo, nalo linatuhusu moja kwa moja. Duka linalotoza kwa dakika linapaswa kukueleza bei kabla hujaketi. Faili likifika nusu na umeme ukakatika, au mtandao ukazorota, nani alipie muda huo? Kwa maoni yetu, mteja alipie dakika alizotumia, na zile alizokwisha kulipia zikabaki apewe huduma itakaporudi. Mkubaliane hivyo mwanzoni. Baada ya giza kuingia kila mmoja huwa na saa yake.

Ikitokea taarifa zako zimetumiwa vibaya, anza na mwenye duka au mkuu wa maktaba, kwa maandishi, ukitaja siku na saa. Asipokusikiliza, malalamiko kuhusu taarifa binafsi hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na pale mtu anapojifanya wewe au anapochukua mali kwa jina lako, nenda polisi siku hiyo hiyo. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma wa laini hiyo ukaikane. Ujumbe wa utapeli unaokujia kwa simu, utume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Wenye maduka mliopo hapa tumewaletea nakala za tangazo la kubandika ukutani. Linasema mteja anaruhusiwa kupakua, ahifadhi wapi, mashine inafutwa saa ngapi na nani anaifuta. Nafasi ya jina la anayefuta tumeiacha wazi ili mlijaze wenyewe. Sasa tunakaribisha maswali, na tungependa tuanze na wahudumu.